Mwalimu wa Fomu na Madaktari Wake wa Mifugo

Kila tulipofunga shule, Mwalimu wa Fomu alibaki na kiatu kimoja cha kila msichana ambaye yeye alimtilia shaka. Cha kushoto. Ulikuwa unakwenda kwenye dirisha la stoo yake ndogo kando ya maabara, unavua, unamkabidhi, naye anakifunga kikaratasi chenye jina lako kwa uzi na kukipanga kwenye rafu. Halafu unaenda nyumbani na akala zako za matairi, kama ambavyo ungeenda hata hivyo, na kile kiatu cha kulia kiko mfukoni hakina kazi yoyote. Ukimuuliza sababu, anakwambia kwamba wasichana wanaobeba kila kitu chao likizoni ndio wasiorudi. "Basi wewe niachie kidogo," anasema, na mkono ameshaunyoosha.

Mimi alinidai kiatu tangu kidato cha kwanza hadi cha nne, na hakusahau hata muhula mmoja. Nilikasirika sana. Nilikuwa nashika nafasi za juu darasani na nilitaka niaminiwe kama wale mabinti wa wafanyakazi wa ofisi, ambao waliondoka na viatu vyao vyote viwili wakitucheka. Leo, nikimkumbuka, kinachoniuma ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyewahi kuwa na wasiwasi na mimi kiasi kile, na sidhani atatokea mwingine.

Ilikuwa shule ya bweni ya wasichana, Lodwar, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulianza wengi. Kila muhula ulipofunguliwa tulihesabu vitanda vilivyokosa wenyewe, tukaulizana nani kaolewa na nani kahama na mifugo. Mwalimu aliajiriwa kufundisha jiografia, na kazi ya kutuandaa kwa vyuo na ajira alijipa mwenyewe. Alitoka Kenya, kama tulivyosema kwetu, ingawa nasi tu Wakenya, kuhusu kila kitu kilichokuwa ng'ambo ya milima ya Kapenguria. Zaidi ya hapo sijui habari za kwao na sikuwahi kuuliza.

Fomu zilizompa jina alizichapa kwa ile mashine ya shule ya kuzungusha kwa mkono, ambayo ilimwachia wino viganjani hadi Jumapili. Ulijaza mpya kila mwaka. Maswali yalikuwa machache. Unataka kazi gani? Nani anaifanya hapa Lodwar? Umemwona kwa macho yako akiifanya? Nani nyumbani atakasirika? Swali hilo la mwisho ndilo alilolisoma kwanza. Msichana mmoja aliandika kwamba hakuna atakayekasirika, akaitwa stoo na kuulizwa kama ana wazazi.

Na ukiandika "sijui", hakukugombeza. Alikuchukua Ijumaa. Ijumaa mchana alitutoa watatu watatu kwenda kumtazama mtu akifanya kazi yake: posta, gereji, kortini, kituo cha hali ya hewa, hospitali. Yeye alitangulia na baiskeli isiyo na breki, anaikokota kwa sababu sisi tulikuwa kwa miguu, shati limemganda mgongoni kwa joto, nasi nyuma yake tunasukumana. Tulikaa kimya tukitazama saa nzima. Mwisho mmoja wetu alipaswa kumuuliza mfanyakazi swali moja tu: "Uliumia wapi mpaka ukafika hapa?"

Lilikuwa swali la ajabu, na watu wazima walilijibu. Bwana wa hali ya hewa, baada ya kutuachilia puto jeupe hadi likapotea angani, alisema hesabu zilimliza hadi akatoroka shule mara mbili. Mtu wa maabara alisema aliurudia mtihani akiwa amekaa dawati moja na mdogo wake. Karani mmoja alisema yeye hakuumia mahali popote, mambo yalikwenda vizuri tu. Mwalimu alisimama, akamshukuru kwa heshima, akatutoa nje. "Huyo hana la kutufundisha," alisema. "Twendeni tukanywe chai."

Ijumaa yangu ilikuwa ya wodi ya wazazi. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti nzito, alikuwa akimwogesha mtoto aliyezaliwa asubuhi ile, na alipoulizwa swali letu alicheka akasema, "Aki, msichana, hapa hapa ndipo naumia, kila siku." Sikusikia lingine. Nilirudi bwenini nikijua ninachokitaka, na kujua kule kulinitia hofu, maana nilijua pia nani nyumbani atakasirika.

Usidhani alikuwa mtu mpole. Alikuwa mkali wa ulimi na mwenye kinyongo. Hakukusalimia kwa "Ejok" kama watu wote. Akikukuta njiani alisema tu, "Mwakani?" nawe ulitakiwa umjibu mwakani utakuwa wapi. Tulimwiga bwenini hadi mbavu zikauma. Alichukia harusi, na kila harusi ya mjini alikuwamo, akicheza hadi vumbi likampanda magotini. Alitusukuma sisi twende vyuoni, ilhali yeye alipoitwa kwenda kusomea ualimu mkuu alikataa, kisha akakataa tena, na barua zile tuliziona zimekunjwa kuzuia mlango wa stoo usigonge. Mwalimu mwenzake alipomtania mbele yetu kwamba anaogopa kusoma, siku mbili hakusema naye.

Kuna mwenzetu wa Kataboi ambaye hakurudi. Shule ilifunguliwa, wiki ikapita, kiatu chake kikabaki peke yake kwenye rafu. Mwalimu alikitia kwenye mkoba, akapanda lori la wachuuzi wa samaki hadi ziwani, akamkuta msichana anapasua samaki pamoja na mama yake. Hakusema neno juu ya shule. Aliweka kiatu mbele yao na kusema, "Nimeleta mali ya mtu. Sitaki niitwe mwizi." Kisha akageuka kutafuta lori la kurudi. Mama alikitazama kile kiatu siku tatu, ndivyo mwenzetu alivyotusimulia, na siku ya nne akasema, "Sasa hii viatu mbili ikae hapa ifanye nini? Enda." Alirudi akinuka samaki, nasi tulimpokea kwa vigelegele.

Sasa nije kwenye uongo wake, maana alikuwa nao, na mimi nilikuwa mdomo wake.

Nilipokuwa kidato cha tatu, baba alituma habari kwamba kuna watu wamekuja kwa ajili yangu. Kwetu ni upande wa Namoruputh, na baba alikuwa mtu wa mbuzi na ngamia, si mtu wa maneno mengi. Mwalimu akasema twende. Kiturukana chake kilikuwa cha kununulia maji tu, kwa hiyo ilibidi mimi mwenyewe nitafsiri mazungumzo ya maisha yangu. Tulimkuta baba amekaa kwenye kigoda chake kivulini. Mdogo wangu wa kike, wa kama miaka kumi na mmoja, aliyekuwa shule ya msingi ya pale karibu, alikuwa kando anamshikia mwanambuzi mama yake anyonye.

Baba alimsikiliza mwalimu, halafu akauliza swali moja. "Akimaliza hiyo masomo, mbuzi yangu itapata nini?"

Mwalimu hakufikiri. "Mwambie utakuwa daktari wa mifugo."

Nilimtazama. Fomu yangu alikuwa nayo mkobani, na humo nilikuwa nimeandika uuguzi kwa herufi kubwa. Alinitazama naye, na macho yake yakaniambia nitafsiri. Nikatafsiri. Uso wa baba ulifunguka namna ambayo sikuwahi kuiona. Aliuliza, "Na huyu mdogo?" Mwalimu akasema, "Huyu naye. Wa mifugo pia." Nikalitafsiri hilo nalo. Baba akaita majirani, akachinja mbuzi, akatupaka kifuani majani yaliyosagika ya tumboni mwa mbuzi huyo, kama wazee wa kwetu wanavyofanya wanapotaka jambo lisimame. Alitupaka wote watatu, mwalimu na shati lake jeupe akiwemo.

Njiani nilimwuliza kwa nini amedanganya. Alisema baba yeyote wa kwetu hamkatai daktari wa mifugo, na kwamba amekwisha kuwaahidi wengine wengi. Nilipofika bweni niliuliza kimyakimya, nikakuta ni kweli. Karibu kila msichana ambaye mwalimu alikwenda kwao alikuwa ameahidiwa kuwa daktari wa mifugo. Tulicheka usiku ule tukisema Turkana nzima haitakuwa na mbuzi wa kututosha.

Kicheko kilikwisha likizo iliyofuata. Baba alikuwa ametangaza. Kabla sijaweka mzigo chini, majirani walikuwa wamefika na mbuzi wao: huyu anaharisha, huyu haoni, huyu ameingiwa na mwiba kwato likavimba. Walimweka mbuzi mbele yangu wakasubiri. Mdogo wangu ndiye aliyeniokoa. Alisimama nyuma yangu, kwa sauti ya chini akasema, "Dada, gusa hapo chini ya taya. Sema apewe ile mizizi ya kule lagani, asinyweshwe maji leo." Nikasema kwa sauti ya kisomi. Mbuzi akapona. Likizo zote zilizobaki tulifanya hivyo, yeye akinong'ona na mimi nikitangaza, na sifa zote zikaja kwangu na kwa shule. Usiku tulilala ngozi moja na kucheka mpaka mama akatukemea.

Nilimhadithia mwalimu, naye akacheka akajipiga paja. Hakuuliza lolote juu ya yule mdogo, wala mimi sikumwambia zaidi. Hakuwa mwanafunzi wake bado.

Ulipofika wakati wa kuomba vyuo, nilikwenda stoo nikamwambia labda niandike mifugo, ili lile tuliloahidi liwe kweli. Alinyakua kalamu mkononi mwangu. Yule yule aliyewadanganya wazee wote wa kwetu Loima alikasirika hadi mishipa ya shingo ikasimama. "Kwa baba yako nitasema chochote," alisema. "Lakini hapa kwenye karatasi hakuna mtu atakayeandika asichokitaka. Hapa ni pako." Akanirudishia kalamu. Nikaandika uuguzi. Mpaka leo sijui kama alikosea au alipatia, na nimelifikiria jambo hilo zaidi ya mengine yote maishani mwangu.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, mbali na kwetu, ugonjwa wa mapafu ulipoingia kwenye mbuzi. Baba alinitumia watu. Nilifika nikamkuta amesimama katikati ya zizi na mbuzi wanakohoa wamemzunguka. Aliniambia, "Fanya." Neno moja tu. Nilikuwa najua mapafu ya binadamu, namba za pumzi zake, dawa zake. Nilisimama pale na mikono mitupu, nikamwambia ukweli, kwamba nasomea kutibu watu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alisema, "Mtu ana mdomo, atasema anaumwa wapi. Mbuzi hana, ndiyo nilikungojea wewe." Siku zilizofuata mbuzi walikufa mmoja baada ya mwingine, na baba akasema kwamba watoto wawili hawatamdanganya kwa njia moja. Mdogo wangu alikuwa darasa la nane, miezi michache kabla ya mtihani. Alitolewa. Aliolewa na familia inayochungia upande wa Kakuma, na mimi nilirudi chuoni nikasoma kwa kulia, nikafaulu.

Wakati huo mwalimu alikuwa amekwisha kuhamishwa. Nilijua aliko na sikumwandikia. Niliona haya. Nilikuwa naanza barua, "Mwalimu, mimi ni mzima," halafu najua swali litakalofuata, nachana.

Nilimwona tena mara moja tu, mwaka wa tisini na tisa, nami nikiwa muuguzi Kakuma. Alikuja zahanati na kundi la vijana wa Kisudani, mmoja wao ana homa, na nilimjua kwa mgongo kabla hajageuka. Alikuwa anafundisha katika kambi ya wakimbizi. Vijana wale walimwita Ustaz, yaani mwalimu, wakamzunguka kama tulivyomzunguka sisi, na nitasema wazi kwamba nilipatwa na wivu, mimi mwanamke mzima mwenye sare. Fomu zake zilikuwa zile zile. Kijana mmoja alikuwa akibishana naye pale pale mlangoni: "Ustaz, lakini hapa inauliza nchi. Mimi naandika nchi gani? Chuo cha nani itanichukua?" Naye akamjibu kwa sauti ya uchovu, "Andika kwanza unachotaka. Ya nchi iache wazi, tutaijaza." Nilimwona usoni kwamba hajui itajazwa lini.

Tulikaa kwenye benchi. Alikuwa amekonda, macho yamepungua nuru, anasogeza kitu hadi puani kukisoma. Hakunisifu wala hakushangaa kuniona nimekuwa nilichoandika. Aliuliza, "Mdogo wako yuko chuo gani?"

Miaka yote ile nilikuwa nikikimbia swali hilo, na lilikuwa limenisubiri pale benchini. Nikamwambia yote: mapafu, zizi, darasa la nane, ndoa. Alisikiliza akitazama chini. Nilipomaliza alisema, "Hilo ni langu. Wewe usilibebe." Kisha akauliza anakaa wapi, nami nikamwambia ni hapa hapa, ng'ambo ya laga ya Tarach, ule mto mkavu, mwendo wa nusu saa. Akasimama.

Tulimkuta nje ya boma lao, amepiga magoti, amemlaza mbuzi kwenye mchanga, wembe mkononi, jipu kubwa begani kwa mnyama. Binti yake wa miaka minne alikuwa amebeba kibuyu cha maji, mwingine yuko mgongoni kwa mama yake. Nilianza kueleza kwa Kiturukana ni nani huyu na amefuata nini. Mdogo wangu alinikatiza.

"Mwache aseme mwenyewe," alisema kwa Kiswahili. "Nilifika darasa la nane."

Mwalimu akasema, "Mama, nimekuja kuomba msamaha. Nilimwambia baba yako uongo, akaujua, na wewe ndiye uliyetolewa shule."

"Uongo gani?"

"Kwamba dada yako atakuwa daktari wa mifugo."

"Na mimi, ulisema nitakuwa nini?"

"Hivyo hivyo."

Aliufuta wembe kwenye shuka, pajani, polepole. "Basi ya dada ndiyo ilikuwa uongo," alisema. "Yangu mimi niliishika siku ile ile. Nilikuwa na daftari. Nilikuwa naandika, ugonjwa hii, dawa hii. Nikijua nikimaliza, mwalimu atakuja kunichukua, kwa sababu alimwambia baba. Nyinyi mliongea na baba tu. Mimi hakuna mtu aliniuliza."

Nilitamani ardhi inimeze. Nimelala naye ngozi moja likizo baada ya likizo, ananitolea akilini mwake dawa za mbuzi, mimi nazitangaza kama zangu, na siku hata moja sikumwuliza yeye anataka nini. Baba alimtafuta daktari wa mifugo nyumba nzima, na alikuwa naye, akamwoza.

Mwalimu alikuwa amevua kofia. Aliishika kwa mikono miwili, amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. "Nakuuliza leo," alisema.

"Leo niko na watoto wawili."

"Nimewaona. Nakuuliza."

Mdogo wangu aliangalia boma, akamwangalia binti yake na kile kibuyu, kisha akamrudia mnyama wake. "Bado nataka," alisema, bila kutuangalia.

Mbuzi akaanza kujinyonganyonga mchangani kutaka kuinuka.

"Usisimame hapo, mwalimu," mdogo wangu alimwambia. "Shika miguu ya nyuma. Shika kabisa."

Akaweka kofia chini, akapiga magoti mbele yake, akashika.